Diani nje ya geti la hoteli: tathmini ya mji wenyewe

Anayelipia chumba Diani huandikiwa risiti ya kitanda, chai ya asubuhi na bwawa. Kuna vingine amevilipia ambavyo havimo kwenye risiti: barabara iliyomfikisha, njia ya kushuka pwani, maji yanayotoka bombani, na mwanga au giza atakalokutana nalo akitoka saa mbili usiku kutafuta samaki wa kukaanga. Huduma hiyo ndiyo tunayoipima hapa. Hoteli zina wakaguzi wa kutosha mtandaoni. Mji wenyewe hauna.

Tuseme mapema: ufuo ni wa daraja la kwanza, mji ni wa daraja la tatu, na barabara pana zaidi haitaliziba pengo hilo. Litazibwa na karibu mita mbili za njia ya miguu kila upande, njia za pwani zisizofungwa kwa kufuli, na nidhamu ya majitaka. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopendeza kwenye picha ya uzinduzi, na huenda ndiyo sababu vinachelewa.

Kwa asiyeujua mji: Diani iko pwani ya kusini ya Kenya, na Ukunda, upande wake wa bara, iko kwenye barabara kuu ya Likoni hadi Lunga Lunga, kiasi cha kilomita 30 kusini mwa Mombasa. Ukikata kushoto pale makutano ya Ukunda unapita karibu na uwanja mdogo wa ndege, kisha unaigonga Beach Road, inayokwenda sambamba na bahari. Kaskazini inaelekea Kongo, mlango wa mto Mwachema wenye msikiti wa kale. Kusini inaelekea Galu na Kinondo. Hoteli zimepangana upande wa bahari, wafanyakazi wengi wanalala Ukunda, na wote hao, pamoja na wageni, mizigo, mchanga wa ujenzi na magari ya maji, wanategemea makutano mawili.

Zamani foleni ya feri ya Likoni ilikuwa koki: ilitoa magari kidogo kidogo. Barabara ya Dongo Kundu imeifungua koki hiyo. Sasa gari linatoka Miritini, palipo kituo kikuu cha reli ya SGR, linavuka madaraja na kutokea Kibundani bila kugusa kisiwa cha Mombasa wala feri. Kwa biashara ni neema. Kwa Beach Road ni mtihani, kwa sababu wikendi ndefu sasa inaleta magari mengi kwa wakati mmoja kwenye barabara ileile ya njia mbili.

Barabara: 4 kati ya 10

Jibu la haraka la kila kikao ni kuipanua. Tunalipinga. Barabara ya njia nne sambamba na bahari ingekata miti, ingeongeza mwendo wa magari na kuwatenga waendao kwa miguu, halafu ingeishia kwenye makutano yaleyale mawili. Msongamano wa Diani unazalishwa na magari yanayosimama popote, yanayogeuka popote, na waenda kwa miguu wanaolazimika kutembea juu ya lami kwa sababu pembeni kuna mchanga, dimbwi au pikipiki zilizoegeshwa. Sio uhaba wa lami.

Pale hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili yake, inapotoa mita 15, hesabu inatosha bila kuvunja ukuta wa mtu. Lami mita 6.5. Kila upande mita 2 za miti, vituo vya tuktuk na sehemu za matatu kushushia abiria. Kila upande tena mita 1.8 za njia ya miguu. Inabaki sentimita 90 kwa mtaro wenye mfuniko upande mmoja. Pale hifadhi inapobana, kinachopunguzwa ni maegesho, kamwe isiwe njia ya miguu. Yaya anayesukuma kigari cha mtoto, mzee mwenye fimbo na mpishi anayerudi zamu saa sita usiku hawana pengine pa kupita.

Njia hiyo ikijengwa kwa kabro, matofali ya zege ya kutandika, ifanywe sawasawa, kwa maana kabro mbovu ni mbaya kuliko mchanga. Matofali ya milimita 60 yanatosha kwa miguu. Mahali gari linapovuka kuingia hotelini yawe ya milimita 80. Chini yake ushindiliwe udongo mgumu au matumbawe yaliyosagwa, sentimita 15, halafu mchanga wa sentimita 3 hadi 5. Ukingo wa zege pande zote mbili si pambo: bila huo, safu ya nje husogea, mchanga hutoka chini na mvua, na baada ya masika mbili njia inakuwa na mawimbi. Mteremko wa kupitisha maji uwe asilimia 2 kuelekea mtaroni. Kosa jingine linajirudia katika kila mji wa pwani: njia ya miguu inashuka na kupanda kila ikifika geti la hoteli. Inatakiwa kinyume chake. Njia ibaki sawa, gari ndilo lipande. Dereva anayepanda kidogo hupunguza mwendo, na mwenye kigari cha mtoto hasumbuki.

Mwendo wa magari sehemu yote yenye hoteli na maduka uwe kilomita 30 kwa saa. Gari la mwendo huo linahitaji takriban mita 13 kusimama kwenye lami kavu, tukihesabu sekunde moja ya dereva kushtuka. La kilomita 50 linahitaji kama mita 28. Bango pekee halitapunguza mwendo. Matuta yatapunguza, lakini si yale makali yanayovunja springi. Kinachofaa ni kivuko kilichoinuliwa: sentimita 10 kwenda juu, mlalo wa mita 1.5 kila upande wa kupandia, na juu bapa mita 4 ili abiria wa matatu asirushwe kitini. Lazima kifike hadi ukingo wa zege pande zote. Tuta linaloishia nusu mita kabla ya ukingo humpa mwenye bodaboda nafasi ya kulikwepa, naye atapita hapohapo, juu ya miguu ya watu. Sababu ya kuacha nafasi huwa ni maji ya mvua yapite. Dawa yake ni kuupitisha mtaro chini ya tuta ukiwa na mfuniko wa kuinuliwa, badala ya bomba jembamba ambalo mchanga huliziba.

Tuktuk zinastahili neno la peke yake, kwa kuwa wengi wanaziona kama kero ilhali ndizo usafiri halisi wa mji huu. Tuktuk ina urefu wa kama mita 2.7 na upana wa mita 1.3. Nafasi moja ya gari dogo, mita 5 kwa 2.5, inaingiza tuktuk tatu zikipangwa kwa upana, huku pua zikichungulia kidogo nje ya mstari. Maana yake, kwenye makutano ya Beach Road, ukichukua nafasi 10 za magari unapata kituo cha tuktuk 30, zenye foleni, kivuli na bei iliyoandikwa ubaoni. Kituo kikae mita 30 hivi kutoka makutano. Kikiwa kwenye kona yenyewe, kila abiria anayepanda anasimamisha upande mzima. Na bei ubaoni iwe ya safari, kwa shilingi, kutoka pale hadi sehemu zinazojulikana: Ukunda stejini, Kongo, Galu. Mgeni akijua bei hapapatiki, na mwenyeji halipishwi bei ya mgeni kwa sababu amevaa kofia.

Njia za kushuka pwani: 3 kati ya 10

Hapa ndipo tunapotoa alama mbaya zaidi, na ndipo pesa kidogo inaweza kufanya kazi kubwa.

Ufuo ni wa umma. Kufika huko ni suala jingine. Mstari wa kwanza wa viwanja umejaa kuta, na kati yake kuna vichochoro vilivyochorwa kwenye ramani za upimaji kama njia za kupitia umma. Vingine viko wazi, vingine vina geti na mlinzi, vingine vimemezwa na bustani ya mtu. Kanuni za Upimaji za 1994 zinasema ardhi ya serikali inayopakana na bahari ikipimwa ili igawiwe, kwa kawaida ukanda usiopungua mita 60 kutoka alama ya maji kujaa ubakizwe. Viwanja vingi vya mstari huo viligawanywa kabla ya kanuni hizo, kwa hiyo kuzinukuu kwenye mkutano hakuvunji ukuta. Njia za umma zilizomo ndani ya michoro ya upimaji ndizo zenye nguvu, nazo zinapotea kwa sababu moja tu: hazijajengwa. Njia isiyojengwa huliwa. Jirani anapanda ua, mwaka wa pili anaweka waya, mwaka wa tano anaonyesha picha kwamba pamekuwa bustani siku zote.

Kazi ya kuzirudisha ina mpangilio wake, na ukiuvuruga unaishia mahakamani. Kwanza kaunti ichukue ramani za mipaka za viwanja vyote vya mstari wa kwanza na kuorodhesha kila njia: namba za viwanja vilivyo kushoto na kulia, upana na urefu. Halafu mpima ardhi atafute bikoni, alama za mipaka zilizozikwa ardhini. Nyingi zitakuwa zimefukiwa au kung'olewa, na zitarudishwa kwa vipimo, kwa notisi ya maandishi kwa majirani wote wawili ili wawepo siku ya kupima. Zege limwagwe wiki hiyohiyo. Ukiacha miezi sita kati ya kupima na kujenga, umelipa mpima ardhi bure. Orodha nzima ibandikwe hadharani, ikiwa na ramani, kwenye ofisi ya manispaa na kwenye kila diko la wavuvi.

Upana unaofaa ni mita 6. Hapo inapita pikapu ya barafu na samaki, mkokoteni, gari la wagonjwa. Ndani yake mita 3 ziwe ngumu na zilizobaki ziwe na miti. Umbali kati ya njia na njia usizidi mita 500, nasi hatukuitoa hesabu hiyo kwenye vitabu vya miji ya mbali. Bamvua, yaani siku za maji makubwa, hupandisha maji ya pwani hii zaidi ya mita 3 kati ya kupwa na kujaa. Maji yakijaa wakati huo yanafika miguuni mwa kuta, na sehemu nyingine hapabaki mchanga wa kukanyaga. Njia zikiwa na kilomita 1.5 kati yake, aliyekwama katikati ana mita 750 za kutembea majini kando ya ukuta, labda na mtoto mkononi. Zikiwa mita 500, ana 250.

Ngazi na mteremko wa mwisho ndivyo vinavyoharibika kwanza. Mchanga wa Diani huhama kwa msimu, kusi ukiusukuma huku na kaskazi ukiurudisha. Ngazi iliyojengwa juu ya mchanga mwezi wa Februari inaning'inia mwezi wa Agosti, maji yanaichimba chini, nayo inapasuka katikati. Ama msingi ufike kwenye mwamba wa matumbawe, ama vidato vitatu vya mwisho viwe vya mbao zinazofungwa kwa bolti za chuma cha pua na kuondolewa kusi inapoanza. Bolti za kawaida zilizopakwa zinki hazikai kwenye povu la bahari. Kwa kiti cha magurudumu, mteremko uwe sentimita 1 kwenda chini kwa kila sentimita 12 za mbele, usizidi huo.

Kila njia ipate choo, bomba la kuoshea miguu, kivuli na mapipa. Vyoo vinne vya wanawake kwa viwili vya wanaume, kimojawapo kikiwa na mlango wa sentimita 90. Kiendeshwe na kikundi cha hapohapo kwa ada ndogo, na mkataba useme kikundi kinanyang'anywa lini. Mkataba usiosema hivyo huzaa choo kilichofungwa kwa kufuli.

Kwenye madiko kama Mwaepe na Mvuleni wavuvi wamekuwapo kabla ya hoteli ya kwanza. Mipango mingi ya kupendezesha ufuo huwaona kama uchafu wa kusogezwa pembeni. Tunasema wapewe nafasi iliyo bora kuliko zote: sakafu ya zege yenye mteremko wa kuoshea samaki, meza za vigae, maji, mashine ya barafu, na hatimiliki ya diko kwa jina la umma ili asizuke mwenye karatasi. Mgeni anayekula changu aliyetoka mtumbwini asubuhi ile atarudi mwakani. Anayekula samaki wa friji kutoka mbali hana sababu.

Kuhusu kuta za baharini: ukuta wima hulirudisha wimbi likiwa na nguvu zake, wimbi linachimba mchanga mguuni, ufuo unashuka, na mwisho wa ukuta maji yanageukia kiwanja cha jirani. Jirani naye anajenga. Ndiyo maana ukiona ukuta mmoja utaona kumi. Gabioni, yaani vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, zinaonekana nafuu, lakini waya wake huliwa na chumvi na mawe humwagika ufuoni. Manispaa isitoe kibali cha ukuta kwa kiwanja kimoja kimoja. Itoe kwa kipande kizima cha ufuo au isitoe kabisa, na majengo mapya yarudi nyuma. Mimea inayotambaa juu ya mchanga iachwe, hata kama mtunza bustani anaiita magugu.

Maji na majitaka

Mgeni halioni tatizo hili, hivyo haliathiri maoni mtandaoni. Sisi tunaliona kuwa kubwa kuliko yote.

Diani imekaa juu ya matumbawe ya kale. Mwamba huo una matundu na nyufa. Maji hayachujwi humo kama yanavyochujwa kwenye mchanga laini, yanakimbia. Juu yake kuna tabaka jembamba la maji baridi linaloelea juu ya maji ya chumvi. Kanuni yake inajulikana kwa wote wanaochimba visima visiwani na pwani: kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Na kinyume chake ni kweli. Pampu ikishusha usawa wa kisima kwa sentimita 10, mpaka wa chumvi unaelekea kupanda mita 4. Ndiyo maana kisima kilichokuwa kitamu hugeuka ghafla baada ya mmiliki kununua pampu kubwa.

Kwa mwenye hoteli dawa ni rahisi: visima vitatu vya kina kifupi vinavyovuta polepole badala ya kimoja kirefu kinachovuta kwa nguvu, na pampu zipumzike usiku. Kila wiki, siku ileile na saa ileile, apime chumvi kwa kifaa cha mkononi na kuandika daftarini. Ikipita miligramu 1,000 kwa lita wengi wanaanza kuionja kwenye chai. Ikipanda mfululizo, apunguze saa za pampu mara moja, kwani kisima kilichoingia chumvi huchukua muda mrefu kurudi. Serikali ya kaunti nayo ina kazi yake: visima vya Tiwi, vinavyolisha mji huu na hata Likoni, vilindwe kwa kuzuia vyoo vya mashimo, vituo vya petroli na karakana juu ya eneo vinakovuna maji.

Mvua tunaiacha itiririke. Paa la mabati au vigae la mita za mraba 500, mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka, ukitoa asilimia 20 inayopotea, ni lita 400,000. Milimita ya kwanza imwagwe kila mara: kwa paa hilo ni lita 500 zenye vumbi na kinyesi cha ndege. Paa la makuti halifai kwa hili. Maji yake ni ya rangi ya chai na yana vipande vya majani, yafaa bustani tu.

Sasa majitaka. Mji hauna mtandao wa pamoja wa majitaka. Kila kiwanja kinajitegemea kwa tangi na shimo la kufyonza. Juu ya mchanga mzito hilo lingevumilika. Juu ya matumbawe yenye nyufa, kanuni ya kuweka mita 30 kati ya shimo na kisima haikulindi, kwa sababu ufa mmoja unaweza kuzipita mita 30 hizo kwa muda mfupi. Ukitaka ushahidi, shuka pwani maji yakiwa yamepwa siku za bamvua, utafute mahali maji baridi yanapobubujika kutoka mchangani au kwenye nyufa za mwamba. Mwani wa kijani kibichi ukiwa umejaa hapo na haupo mita 50 pembeni, kuna mbolea inayotoka ardhini, na mbolea hiyo haitoki shambani. Ikifika kwenye mwamba wa bahari, mwani huo huyafunika matumbawe hai, yale ambayo mgeni amelipia boti ya kioo kuyatazama.

Wengine husema: piga marufuku mashimo, kila mtu awe na tangi lisilovuja, lori la kunyonya lije. Tufanye hesabu. Nyumba za kupangisha zenye vyumba 40, watu 80, lita 150 kila mmoja, ni lita 12,000 kwa siku. Lori linabeba kama 10,000. Ni safari zaidi ya moja kila siku, kwa jengo moja, kwenye barabara ileile tuliyoipa alama 4. Mmiliki atafanya nini? Atatoboa sakafu ya tangi usiku. Sheria isiyolipika hujenga uvujaji wa siri.

Kinachowezekana ni mitambo midogo ya pamoja, viwanja vitano hadi kumi kwa mtambo mmoja. Majitaka ya jikoni yapite kwanza kwenye mtego wa mafuta. Kisha tangi la vyumba vingi ambamo maji hulazimishwa kupanda na kushuka katikati ya tope. Kisha kitanda cha kokoto chenye matete: kina sentimita 60, kokoto za milimita 10 hadi 20, chini karatasi nzito ya plastiki isiyopitisha maji, na eneo la kama mita za mraba 1.5 kwa mtu. Kwa wale watu 80 ni mita 120 za mraba, nafasi ya magari kumi yaliyoegeshwa. Maji yanayotoka yaende kwenye bustani kwa mabomba ya matone yaliyofunikwa majani, yasirushwe hewani.

Mitambo hii hufa kwa sababu ileile kila mahali: mtego wa mafuta haumwagwi. Mafuta ya chipsi yanapita, yanaganda kati ya kokoto, maji yanaanza kuonekana juu ya kitanda, harufu inakuja, na meneja anaamuru yapitishwe pembeni kwa bomba kwenda shimoni. Mtego umwagwe kila wiki, mara mbili Desemba, na daftari lake likaguliwe na afisa wa afya pamoja na leseni ya biashara. Tope la tangi litolewe likifika theluthi moja ya kina, kwa kawaida kila miaka miwili au mitatu. Fimbo yenye kitambaa cheupe inatosha kupimia.

Maji ya mvua barabarani yana hesabu yake pia. Mvua ya milimita 50 juu ya kilomita moja ya lami yetu ya mita 6.5 ni lita 325,000, yaani bauza 32 na nusu za lita 10,000. Leo maji hayo huelekezwa mahali rahisi, nako ni kwenye vichochoro vya pwani, ambavyo hugeuka makorongo na kubeba takataka hadi baharini. Yazuiwe kabla ya hapo kwa mabonde ya kina kifupi yaliyopandwa nyasi katika ule ukanda wa mita 2: kina sentimita 30, na mahali pa kuingilia maji kila mita 10. Yanayozidi ndiyo yaingie mtaroni. Mtaro ushuke angalau sentimita 50 kwa kila mita 100, la sivyo ni bwawa la mbu. Mifuniko iwe ya sentimita 90 kwa 40, unene wa 10: uzito wake ni kama kilo 86, watu wawili wanainua. Mifuniko ya mita nzima inayohitaji mashine haiinuliwi tena milele.

Mengine kwa haraka

Taa: milingoti mirefu ya mulika mwizi inafaa stejini Ukunda na sokoni. Karibu na pwani haifai. Kasa wanaototolewa hufuata mwanga wakidhani ni bahari, wakaishia barabarani. Huko ziwe taa fupi, za rangi ya kaharabu, zimefunikwa juu na upande wa bahari.

Mbega wa Diani wanavuka barabara kwa madaraja ya kamba yaliyowekwa juu na shirika la Colobus Conservation, kazi nzuri kuliko mingi ya serikali. Mji ukipanda miti ya asili pande zote mbili hadi matawi yakutane juu, madaraja mengi hayatahitajika. Nyaya za umeme zinazopita kwenye miti ziwe na ganda. Mibuyu isizungushiwe kabro hadi shinani, iachiwe mita 1.5 za udongo. Misitu mitakatifu ya kaya, ikiwemo Kaya Kinondo iliyoingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, isihesabiwe kama ardhi iliyolala.

Taka: sehemu kubwa ya taka za hoteli ni mabaki ya chakula na majani. Zikitenganishwa jikoni, lori la taka linapungukiwa kazi. Zikichanganywa, hakuna atakayezitenganisha baadaye.

Na pesa? Hoteli na mikahawa hukatwa asilimia 2 ya ushuru wa utalii, ambayo huenda kwenye Mfuko wa Utalii wa taifa. Mji unaobeba magari, majitaka na taka za wageni unabaki na kodi za ardhi, leseni na ada za maegesho. Tungependa kuona sehemu ya asilimia hizo ikirudi kwa hesabu iliyo wazi. Mpaka hapo, ada za maegesho za Beach Road zifungiwe akaunti ya peke yake, na kazi yake ya kwanza iwe ukarabati, kabla ya ujenzi wowote mpya. Mwishoni mwa Februari, kabla ya masika, mifuniko yote ya mitaro iinuliwe na mchanga utolewe. Mkataba uandike kwamba mchanga huo upakiwe siku hiyohiyo. Ukiachwa umerundikwa ukingoni, mvua ya kwanza ya Machi inaurudisha mtaroni, na mkandarasi analipwa kuutoa tena.